Upande Mmoja wa Doti Yangu

Mwenye kucheka acheke sasa hivi amalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Chang'ombe, Dodoma. Sikusimuliwa na shoga wala sikuyaokota kwenye simu. Wanaonibishia nawaambia waje nyumbani niwafungulie sanduku la nguo, waguse kwa mikono yao. Wapo waliokuja. Chai niliyowaandalia hawakuimaliza.

Mimi ni muuza kanga. Nina kijiduka changu, si kikubwa, lakini kinanilisha. Kanga nazijua. Nionyeshe pindo tu, nitakwambia mji wake, pale katikati, una maua gani na chini pameandikwa nini. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele ya kisa utataka kuniambia labda nilifananisha. Sikufananisha.

Jambo la pili la kujua ni kwamba nina wivu. Silifichi na sitaomba radhi. Mwanamke anayekwambia mumewe aende atakako, arudi atakapo, yeye roho yake kwatu, huyo ama hampendi ama ana lake jambo. Mume wangu, Issa, alilijua hilo tangu uchumba. Siku ya ndoa yetu aliniletea doti ya kanga nyekundu na nyeupe, na maandishi yake alikuwa amehangaika kuyatafuta duka kwa duka: NI WANGU SIMGAWI. Aliniletea huku anacheka. Mimi sikucheka, nilijifunga.

Issa ni Mrangi wa Kondoa, karani kwenye ofisi moja kule Mtumba. Ni mpole, hana maneno mengi. Mwaka ule alipimwa akaambiwa presha imepanda, na mwenzake wa ofisini akamwambia dawa nzuri ya presha ni kutazama samaki. Si kuwala, kuwatazama. Basi kesho yake mume wangu akaenda kwa fundi wa vioo, akatengenezewa tenki la ukubwa wa sanduku la safari, likagandishwa kwa gundi, likaletwa nyumbani na kuwekwa sebuleni karibu na dirisha. Pale pale nilipokuwa nimepaombea kabati la vyombo muda mrefu.

Nikadhani atatia maji na samaki, mambo yaishe. Wapi! Kumbe tenki la namna ile lina adabu zake. Kwanza mchanga, uoshwe mpaka maji yake yatoke meupe. Kisha majani ya majini, yapandwe moja moja kwa koleo dogo kama la kutolea nyusi. Kisha pampu ya kuchuja, kisha taa. Na samaki wasubiri, kwa sababu ati maji mapya ni sumu, lazima yakae kwanza, yaive. Nikamuuliza, "Yaive bila moto?" Akanieleza habari za vijidudu vizuri vinavyokula uchafu, na macho yake yaling'aa. Mimi nikimweleza habari za duka macho yale hayang'ai. Na mkasi wangu wa kukatia doti, mkali, niliokuwa simwazimi mtu, nikaukuta umelowa mezani. Alikuwa anapunguzia majani.

Basi majani yale yakafa. Maji yetu ya Dodoma unayajua, yana chumvi, birika linaota ganda jeupe ndani. Majani yalilegea, yakawa kama mchicha uliochemka kupita kiasi, yakaoza. Issa alisikitika mpaka chakula hakikupita. Mimi nilimwambia pole, ila moyoni nililiona kabati langu likirudi.

Halikurudi. Kukatokea arusi kwao Kondoa, akaenda peke yake kwa sababu mimi nilikuwa na mzigo mpya dukani. Aliporudi alishusha kwenye basi madumu ya maji, mfuko wa mchanga, na ndoo iliyojaa majani mabichi yenye mizizi yake. Vyote alivitoa kwenye chemchemi ya kwao. Maji ya kule ni matamu na baridi, hayana chumvi hata chembe. Nikamuuliza kama aliomba kwa wazee. Akasema maji ni ya Mungu, yanaombwa vipi?

Niamini, hujawahi kuona majani yakishika vile. Yalisimama siku ile ile. Baada ya majuma machache yalikuwa marefu, membamba, yanapepea ndani ya maji hata pampu ikiwa imezimika, na umeme wetu unakatika kila mara. Maji yakawa maangavu mpaka ukipita unadhani tenki ni tupu. Samaki wakatiwa, wadogo, wenye mikia kama pindo la gauni, na hakufa hata mmoja. Issa akitoka kazini, kabla hajavua viatu, anakwenda kulisalimia tenki. Mimi baadaye.

Ndiyo, nililionea wivu. Unashangaa nini? Mtu anaamka alfajiri, akimaliza kuswali anakwenda kutazama maji. Kila Jumapili anatoa robo ya maji kwa mpira mwembamba, anatia mengine ya kwenye madumu, anafuta kioo kwa kitambaa laini, polepole, kana kwamba anamfuta mtu uso. Kioo cha kabati la nguo, ambacho mimi najitazamia, kilikuwa na vumbi tangu mfungo. Nilikuwa nikipita mbele ya tenki nalisonya.

Sasa nisikilize vizuri.

Ilikuwa kiangazi, ule upepo wetu wa Dodoma unavuma, vumbi mpaka kwenye meno. Nilirudi nyumbani mchana, jua la utosi, kuchukua furushi la vitenge nililosahau. Nikafua kidogo, nikaanika, nikaoga. Ile natoka na furushi kichwani, nikamkuta mwanamke amesimama mlangoni. Hakupiga hodi. Alikuwa amelowa chapachapa, kuanzia nywele mpaka miguuni, nguo moja nyembamba imemgandamia mwilini, na maji yanamtiririka. Kiangazi! Hata wingu hakuna! Nikadhani bomba limepasuka mahali.

Ukiniuliza sura yake, siwezi kukueleza. Nilimtazama, nikaangalia pembeni, na sura ikanitoka kichwani papo hapo. Ninachokumbuka ni nywele, nyingi, zimekatwa upande mmoja vibaya vibaya, na sauti yake ya chini.

"Dada, nisitiri."

Mwanamke akikwambia nisitiri, utamwambia nini? Mimi nimefundwa. Sikuuliza anatoka wapi. Kwenye kamba kilichokuwa kimekauka ni upande mmoja wa doti yangu ya ndoa, ule mwingine ulikuwa bado unadondoka maji. Nikauvuta, nikampa. Alipousoma akanitazama.

"Ni ya nani?"

"Yangu, nilipewa na mume wangu."

"Unaniazima, au unanipa?"

Nilikuwa na haraka, mteja ananisubiri dukani, na kanga mimi ninazo, duka zima. "Nakupa, dada. Jifunge." Akajifunga. Nikamwambia akae kibarazani akauke, nikaondoka zangu. Nilifanya wema, na mpaka leo sitakubali mtu aniambie nilikosea.

Majuma kadhaa yakapita. Jirani yetu ni Mama Neema, Mgogo wa Bahi, mwimbaji wa kwaya, mtu asiyejua kusema uongo hata wa kumfurahisha mgeni. Nikapita kwake naye akanitania, "Wewe siku hizi duka unafunga mapema, eeh? Jana jioni nimekuona dirishani na mumeo mnalisha samaki, mnacheka. Nikasema hawa wamerudi uchumba."

Jana jioni? Jana jioni nilikuwa dukani mpaka taa za barabarani zimewaka. Nilitabasamu, nikaitikia.

Nikaanza kuchunguza. Mimi ni mwanamke mwenye wivu, kuchunguza najua. Nilinusa mashati yake: hayakuwa na manukato, yalinuka udongo uliolowa. Nikakagua sakafu, nikakuta nyayo za maji, ndogo, zinatoka kwenye meza ya tenki mpaka kwenye kochi, za kurudi hazipo. Na Issa mwenyewe alikuwa amebadilika. Alikuwa anaimba kwa chini chini. Presha ilishuka. Usiku akaniambia, kwa upendo kabisa, "Jana ulivyonisimulia habari za utoto wako nilifurahi sana. Miaka yote hii hukuwahi kuniambia."

Sikumsimulia chochote. Unajua inauma namna gani, mumeo akushukuru kwa mazungumzo ya mwanamke mwingine? Nilijibu, "Eeh, nilikumbuka tu." Nilimeza, kwa sababu nilitaka kumkamata mtu, si kumstua.

Siku ya pili nilifunga duka alasiri. Sikupita barabarani, nilipita uani, nikavua ndala, nikasogea kwenye dirisha la sebule. Jua lilikuwa bado kali. Nikachungulia.

Issa amekaa kwenye kiti, amejiegemeza, anacheka. Kando yake amesimama mwanamke amejifunga kanga yangu, nyekundu na nyeupe. Mkono wake mmoja uko ndani ya tenki mpaka kwenye kiwiko, samaki wote wamekusanyika kwenye vidole vyake. Mkono mwingine umeshika mkasi wangu. Nikasema moyoni, leo ni leo. Nikasukuma mlango.

Akageuka. Wallahi nakwambia, akageuka, na alikuwa mimi.

Si wa kufanana nami. Mimi. Alama yangu ya kuungua na mafuta ipo mkononi. Mwanya wangu upo. Hata kile kishungi nilichofunga asubuhi ile kwa haraka, kimelala upande, yeye naye kilikuwa kimelala upande. Tofauti ni moja tu, kanga yake ilikuwa inadondoka maji kwenye pindo na haikuacha kudondoka. Akanitazama bila chuki. Akasema, kwa sauti yangu, kama mwenye nyumba anavyomwambia mtu wa nje:

"Karibu ndani."

Na mume wangu, Issa, niliyemfulia, niliyemkanda kwa maji ya moto alipougua, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye miguu yangu isiyo na ndala, akamuuliza yule, "Mke wangu, huyu nani?"

Watu huniuliza kama niliogopa. Ningeogopa saa ngapi? Hasira ilishawahi kiti. Mwingine angepiga yowe, angekimbilia kwa shehe. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye tenki, nikazamisha mikono yote miwili, nikayashika yale majani kama unavyomshika mwizi wako nywele, nikayang'oa. Yalikuwa mazito. Yalikuwa na joto! Nilivuta na mizizi yake na mchanga wake, nikayatupa sakafuni. Yule mwanamke akashika kichwa. Hakulia. Alinitazama tena, akaivuta kanga ikamkaa vizuri kifuani, kama mtu anayehakikisha haachi kitu chake nyuma, na pale aliposimama pakabaki dimbwi la maji na mchanga kidogo. Mkasi ulianguka. Kanga haikuanguka.

Issa akapikicha macho. "Mbona umelowa hivyo?" akaniuliza. Alikuwa hakumbuki lolote. Nilimpiga kofi, kisha nikamkumbatia, kisha nikampigia simu shangazi yake Kondoa.

Shangazi Zainabu ndiye aliyemlea. Nilimweleza yote ya sebuleni. Kisha akaomba kuzungumza na Issa, na nilimsikia kupitia ile simu akimfokea mtu mzima mwenye kitambulisho cha ofisi shingoni. Ile chemchemi, kumbe, ina mwenyewe. Maji unachota utakavyo, hata ukijaza lori. Lakini majani ya kwenye jicho la maji hayang'olewi na mchanga wake hauchotwi, maana majani ni nywele zake na mchanga ni mkeka wake. Kila mtoto wa ukoo ule anaambiwa. Issa aliambiwa. Akaona ni hadithi za kuzuia watoto wasitumbukie.

Samaki tukampa mwenzake wa ofisini, yule yule wa dawa ya presha. Jumamosi tukapanda basi la Kondoa na madumu yetu, na mfuko wa mchanga, na majani ndani ya ndoo iliyofunikwa. Konda alitucheka safari nzima: watu wanatoa maji Kondoa kuleta Dodoma, nyie mnayarudisha? Nilikuwa nimeikumbatia ile ndoo magotini kwa heshima, kana kwamba nimempakata mama mkwe.

Shangazi alitupeleka mwenyewe. Issa aliingia mpaka magotini, akamwaga mchanga, akamwaga maji, akayaweka majani chini, na kwa macho yangu niliyaona yakienda yenyewe kutafuta mahali pake. Akaomba radhi kwa mdomo wake. Nikashusha pumzi. Nikasema, Alhamdulillahi, yamekwisha. Kisha nikamwambia shangazi, kwa kukamilisha mambo, "Na kanga yangu je? Issa amwambie mwenye chemchemi anirudishie kanga yangu."

Shangazi akanigeukia polepole. "Kanga ipi?"

Nikamweleza. Mwanamke mlangoni, nisitiri, upande mmoja wa doti. Aliniuliza karibu maswali yale yale ya yule mwanamke. Ni doti ya ndoa? Ndiyo. Uliazima au ulitoa? Nilitoa. Shangazi akakaa chini kwenye jiwe.

"Mwanangu," akasema, "katika ukoo huu, tangu kwa bibi zetu, mke mkubwa akikubali kuletewa mwenzake humpa upande mmoja wa doti yake ya ndoa, kwa mkono wake. Hapo amemkaribisha. Majani aliibiwa, ameyapata. Kanga hakuiba. Ulimwoza mumeo."

Nililia pale kama mtoto. Nikamuuliza, ndoa hiyo haitenguki? Akasema kilichotolewa kwa mkono hakidaiwi. Ila akaniambia neno moja nililolishika mpaka leo: "Wake wenza wana zamu. Wewe shika yako, usimwachie."

Ndiyo maana ukija dukani kwangu alasiri unakuta kufuli. Wateja wananung'unika, wengine wamehamia kwa mwenzangu wa ng'ambo ya barabara. Wahame. Issa akirudi kutoka Mtumba ananikuta nimekaa kwenye kiti, pale lilipokuwa tenki, na ninamsimulia habari za utoto wangu. Nimeshazimaliza za kweli, sasa natunga. Ananisikiliza. Lakini kuna nyakati ananikata katikati, anasema, "Hii ulinisimulia vizuri zaidi zamani." Basi siku hiyo sahani yangu nairudisha jikoni.

Na kila mwisho wa mwezi anakwenda Kondoa kusalimia wazee. Nimkataze vipi mtu kusalimia wazee wake? Anaaga vizuri, anachukua kikoi na msuwaki. Akishaondoka naenda chumbani, nafungua sanduku langu la nguo. Ndani, chini ya nguo zote kavu, upo ule upande wangu wa doti, niliouweka nimeukunja mwenyewe. Issa akiwa hapa, unakauka. Akiwa Kondoa, unalowa. Kwanza pindo, halafu mji, halafu maji yanachuruzika mpaka chini ya kitanda. Hapo najua wamekaa pamoja, na najua wanacheka. Nauanika kwenye kamba na jua lote hili la Dodoma, haukauki mpaka nisikie ufunguo wake mlangoni.

Kwa hiyo mwanamke mwenzangu unayenisikiliza, ukitaka tenki la samaki weka, ni pambo zuri na presha inashuka kweli. Lakini muulize mumeo mchanga kautoa wapi. Na akija mtu mlangoni amelowa wakati hakuna mvua, msitiri, dhambi usiibebe. Mpe shuka, mpe kitenge, mpe hata pazia. Doti uliyopewa na mume usiikate.

Mimi yangu imeshakatika. Ninapoushika ule upande uliolowa nayasoma yale maandishi, NI WANGU SIMGAWI, na moyo unaniuma kwa sababu najua kule kwenye chemchemi yupo mwingine amejifunga upande wa pili. Kiwanda ni kimoja, rangi ni moja, na maneno aliyoyavaa ni yale yale.